Njia za baiskeli za Hispania zisizo na magari: ulizia kwanza nani alikuwa anapita hapo zamani

Siku hizi zile video za watu wanaoendesha baiskeli Hispania zinazunguka sana, unamwona mtu anaingia kwenye handaki lenye taa, anatokea upande wa pili juu ya daraja refu la chuma, huku mizeituni na huku mizeituni, na hakuna gari hata moja. Watu wakianza kuzijadili ndo utaona mkanganyiko. Mmoja anauliza kwani barabara imefungwa kwa ajili ya mashindano? Mwingine anamwambia hapana, hiyo ndo ile njia ya mahujaji. Wa tatu anasema hiyo ya kulipia, wewe huwezi. Wa nne anaapa kabisa kwamba Hispania nzima iko hivyo, unatoka Madrid mpaka baharini hujakutana na gari. Wote hao wamekosea, na siwalaumu, maana majina yamechanganywa mno, Vía Verde, Camino, cañada, canal, vyote vinatupwa kwenye kapu moja la "njia za baiskeli" basi imeisha.

Mimi hizi njia nazipenda kwelikweli, ndo maana inaniuma mtu akipanga safari kwa kuangalia video ya dakika moja halafu anajikuta yuko barabarani na malori, mwezi wa saba, saa nane mchana, maji yamekwisha. Kwa hiyo tuifumue taratibu.

Tuanze na maneno yenyewe. Nikisema safari ya baiskeli simaanishi mbio. Wengi wakisikia baiskeli na Hispania wanawaza Vuelta a España, yale mashindano ya wiki tatu ambayo Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, ameyachukua mara mbili, ya 2011 na ya 2017. Kule wanapita barabara za kawaida ambazo zimefungwa kwa muda, wakishapita magari yanarudi. Safari ya baiskeli ni jambo lingine, mtu ana mabegi yake kwenye karia, anakwenda mwendo wake, leo kilomita 40, kesho 60, anasimama kula, anasimama kupiga picha, jioni analala kijijini. Huhitaji nguo za kubana wala baiskeli ya bei mbaya. Na nikisema njia isiyo na magari namaanisha njia ambayo magari na pikipiki haziruhusiwi kuitumia kama barabara, ukiacha wachache wenye ruhusa, mfano mkulima mwenye shamba pembeni au watu wa matengenezo.

Sasa jambo ambalo ukilishika mengine yote yanakaa sawa ni hili: hizi njia karibu zote hazikutengenezwa kwa ajili ya baiskeli. Ni njia za kazi za zamani. Kuna iliyotengenezwa kwa ajili ya treni, kuna ya nyumbu waliokuwa wanavuta majahazi ya ngano, kuna ya kondoo, na kuna ya hujaji anayetembea kwa miguu. Kila mmoja kati ya hao alikuwa na mahitaji yake, na mahitaji yake ndo yameacha umbo la njia mpaka leo. Ukijua nani alipita pale, tayari umeshajua kama kuna milima, chini pakoje, kama utakuta maji, na kama utakutana na watu au utakuwa peke yako na tumbusi angani.

Tuanze na treni, maana ndo hizo za kwenye video. Hizi zinaitwa Vías Verdes, yaani njia za kijani. Hispania ilijenga reli nyingi sana kati ya karne ya 19 na ya 20, nyingine za abiria, nyingine za kubeba madini tu kutoka mgodini mpaka bandarini. Halafu malori na mabasi yakaja, migodi ikaisha, njia moja baada ya nyingine ikaanza kula hasara na kufungwa. Tarehe 1 Januari 1985 ndo kulikuwa na pigo kubwa, serikali ilifunga njia nyingi za abiria kwa mkupuo mmoja. Ilipofika 1993 zilikuwepo zaidi ya kilomita 7,600 za reli ambazo hazitumiki, mahandaki yapo, madaraja yapo, stesheni zinaanguka paa, mapito yanaota miiba. Mwaka huohuo ndo ukaanza mpango wa kuzigeuza ziwe njia za watembea kwa miguu na baiskeli, unaratibiwa na taasisi inayoitwa Fundación de los Ferrocarriles Españoles, na jina lenyewe la Vías Verdes wamelisajili, kwa hiyo sio kila njia ya vumbi inaweza kujiita hivyo. Mpaka leo zimeshageuzwa zaidi ya kilomita 3,000.

Kwa nini reli ya zamani inafaa baiskeli? Kwa sababu treni haiwezi kupanda mlima. Gurudumu la chuma juu ya chuma linateleza, kwa hiyo mainjinia walihakikisha mwinuko unakuwa mdogo sana, kwa kawaida hauzidi asilimia 2 au 3, na palipo na mlima wakatoboa handaki, palipo na bonde wakaweka daraja, palipo na kigongo wakakikata katikati. Umewahi kumwona muuza mkaa na magunia yake kwenye baiskeli? Kwenye kilima anashuka anasukuma kwa kichwa na mabega, lakini kwenye mwinuko wa asilimia 2 anaendelea kukanyaga pedeli anapiga na mluzi. Huo ndo mwinuko wa treni. Ndo maana kwenye hizi njia unakuta bibi wa miaka 70, mtoto wa miaka saba, mtu mwenye kiti cha magurudumu, wote wamo, na milima mikubwa imewazunguka pande zote lakini njia yao inapita katikati kama haina habari nayo.

Mfano mzuri wa kuanzia ni Vía Verde del Aceite, njia ya mafuta, kule Andalucía. Inatoka Jaén mpaka Puente Genil, kilomita 128, inapita Martos, Alcaudete, Luque, Zuheros, Doña Mencía, Cabra, Lucena. Reli hii ilijengwa mwisho wa karne ya 19 na watu waliiita treni ya mafuta kwa sababu kazi yake kubwa ilikuwa kusomba mafuta ya zeituni. Mkoa wa Jaén peke yake una mizeituni zaidi ya milioni 60, na ukiwa pale unaelewa maana ya hiyo namba, manake mistari ya miti inapanda kilima, inashuka, inapanda kingine, na kijivu chake kile cha majani hakikatiki mpaka unapofika milima ya Sierra Subbética ambako mawe yanaanza kuchomoza. Ukienda kuanzia Novemba mpaka Januari utakuta mavuno, vyandarua vimetandazwa chini ya miti, watu wanapiga matawi kwa fimbo ndefu na wengine wana mashine za kutikisa mti mzima, matrekta yanavuka njia yako kwenda kinuni, na harufu ya kinu cha zeituni kinachofanya kazi ni nzito, chungu kidogo, inakufuata kilomita kadhaa. Mpakani mwa Jaén na Córdoba kuna daraja la chuma juu ya mto Guadajoz lenye urefu wa zaidi ya mita 200. Simama katikati. Angalia chini. Ile kazi ya riveti moja moja iliyogongwa kwa mkono, hakuna mtu angeijenga leo kwa ajili ya baiskeli, na iko pale bure kwa yeyote mwenye magurudumu mawili.

Na hapo kuna jibu la yule aliyesema ni ya kulipia. Hakuna geti la tiketi. Kupita ni bure. Unacholipia ni chakula, malazi, na baiskeli kama umekodi.

Nyingine inayobeba historia nzito ni Ojos Negros. Kule juu Teruel kulikuwa na migodi ya chuma ya Sierra Menera, na kampuni ya mgodi ilitaka kuyafikisha madini yake baharini Sagunto. Tayari reli ya kampuni nyingine ilikuwepo inakwenda hukohuko, lakini hawakuelewana bei ya kusafirishia mzigo, basi wakaamua kujenga ya kwao, pembenipembeni ya ile ya kwanza, zaidi ya kilomita 200 za reli kwa sababu ya kutoelewana bei! Ilianza kazi 1907, ikasimama 1972. Leo ile ya kwanza bado ina treni, na ile ya mgodi imekuwa Vía Verde ndefu kuliko zote nchini, kama kilomita 160. Maana yake unaendesha baiskeli huku reli hai iko jirani, ukichoka kuna vijiji ambavyo unaweza kupanda treni. Ukianzia kijiji cha Barracas uko karibu mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na kutoka hapo kwenda upande wa Sagunto ni kuteremka tu. Lakini ukigeuza, yaani ukatoka baharini kwenda juu, mwinuko ni uleule mdogo ila haukatiki, unakanyaga saa nzima, saa ya pili, hakuna pa kupumzisha miguu. Watu wanadhani mwinuko mdogo ni sawa na rahisi. Sio sawa. Mwinuko mdogo wa kilomita 60 unachosha kuliko kilima kifupi, sema unachosha polepole.

Halafu kuna zile ambazo treni haikuwahi kupita kabisa, na hizi ndo zinanigusa zaidi. Miaka ya 1920, wakati wa utawala wa dikteta Primo de Rivera, Hispania ilikuwa na mipango mikubwa ya reli za vijijini. Mmoja ulikuwa kuunganisha Jerez na Almargen kupitia milima ya Cádiz. Watu wakafanya kazi miaka, wakatoboa mahandaki, wakajenga stesheni, kisha pesa zikakata, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1936 mpaka 1939 vikapita, na treni haikuja. Vijiji vikabaki na stesheni ambazo hakuna aliyewahi kushukia. Leo kipande cha Olvera mpaka Puerto Serrano ndo Vía Verde de la Sierra, kilomita 36, mahandaki 30, madaraja makubwa manne. Ukiingia kwenye handaki lile refu ambalo linakaribia kilomita moja, unatoka kwenye jua la kuchoma unaingia kwenye baridi ya pango papo hapo, maji yanadondoka kutoka juu, sauti ya tairi lako kwenye changarawe inarudi kama kuna mtu nyuma yako, na ukiangalia ukuta hauna masizi ya injini, maana injini haikuwahi kufika. Vua miwani ya jua kabla hujaingia. Mbele yake kuna jabali la Zaframagón, makazi ya kundi kubwa la tumbusi, wanaelea juu ya bonde bila kupiga bawa. Vía Verde de la Jara kule Toledo nayo ni hivyohivyo, kilomita 52, mahandaki 17, treni sifuri.

Na kwenye mahandaki nisisitize kitu kimoja. Sio kila handaki la zamani ni Vía Verde. Kaskazini kuna handaki la La Engaña, karibu kilomita 7, lilichimbwa kwa ajili ya reli ya Santander kwenda Mediterania, mwanzoni wakitumia wafungwa wa kisiasa wa upande ulioshindwa vitani, likakamilika 1959, na reli yenyewe haikuwahi kufika Santander. Ndani limeporomoka sehemu. Hilo sio la kuingia na baiskeli hata kama umeona mtu kaingia. Handaki la Vía Verde limekaguliwa, lina alama, mara nyingi lina taa za kitufe au za kuwaka zenyewe, na mengine hayana taa kabisa, kwa hiyo taa yako mwenyewe ni lazima, ya mbele na ya nyuma. Terra Alta kwa mfano, Catalonia, kilomita 23 na mahandaki kama 20, hapo bila taa utapapasa ukuta. Ni njia nzuri ajabu ile, inakatiza kwenye makorongo ya eneo la vita vya mto Ebro vya 1938, na jirani na Horta de Sant Joan ambako mchoraji Picasso aliishi kijana, 1898, akarudi tena 1909 kuchora nyumba za kile kijiji. Chini kidogo kuna Fontcalda, chemchemi ya maji ya uvuguvugu pembeni ya kanisa la zamani, watu wanaegesha baiskeli wanaingia kuoga.

Haya, tuache treni. Twende kwa nyumbu, nyumbu wa kufugwa, wa kubeba mizigo.

Kaskazini ya Madrid, kwenye nyanda za Castilla, kuna mfereji unaitwa Canal de Castilla. Walianza kuuchimba 1753 wakamaliza 1849, karibu miaka mia, kilomita 207. Shida ilikuwa nini? Castilla ilikuwa na ngano nyingi lakini iko katikati ya nchi, barabara mbovu, na ngano kuifikisha bandari za kaskazini ilikuwa mateso. Wazo likawa kuielesha. Majahazi yanakaa majini, nyumbu wanatembea pembeni wanayavuta kwa kamba, na hiyo njia waliyotembea nyumbu ndo leo tunapita na baiskeli. Mfereji ulikuwa na miaka yake mizuri michache tu, maana haukukaa sana baada ya kukamilika reli ikafika, ikachukua mzigo wote. Majahazi ya mwisho yaliacha 1959. Maji hayakuacha, mpaka sasa yanamwagilia mashamba.

Sasa fikiria nyumbu anayevuta jahazi anahitaji nini: njia ya usawa kabisa na isiyoacha maji. Kwa hiyo ukipita pale hakuna kupanda, hakuna kushuka, mwinuko pekee uko kwenye malango ya maji. Lango la maji ni kama chumba cha mawe chenye milango miwili, jahazi linaingia, mlango wa nyuma unafungwa, maji yanaachiwa ndani yanalinyanyua mpaka usawa wa juu, mlango wa mbele unafunguliwa linaendelea. Frómista yapo manne yamefuatana, yanateremsha maji kama mita 14, yale ya zamani yamejengwa kwa umbo la yai, mawe yake makubwa yamechongwa kwa usahihi ambao utapitisha kiganja chako kwenye maungio ukistaajabu. Adui wa mfereji sio kilima, ni upepo. Ile nchi ni wazi, ngano mpaka upeo wa macho, safu ya miti pembeni ya maji ndo kinga pekee, upepo ukikukabili utatamani kilima. Na njia yenyewe ni ya udongo, mvua ikinyesha matope yanajaa kwenye breki. Ila kama unapenda kimya, kimya cha kweli, nenda huko.

Ya kondoo nayo ina mambo. Hizi zinaitwa cañadas, na zote kwa pamoja huitwa vías pecuarias, njia za mifugo. Kwa karne nyingi wafugaji walihamisha kondoo wa merino, kiangazi kaskazini milimani kwenye majani mabichi, kipupwe kusini kwenye joto, mamia ya kilomita kwa miguu. Sufu ya merino ilikuwa utajiri wa taifa, ndo maana mwaka 1273 mfalme Alfonso X aliwapa wafugaji chama chao chenye nguvu, Mesta, na njia zao zikalindwa kisheria. Cañada kubwa ina upana wa mita 75. Mita 75, jamani, ni karibu upana wa uwanja wa mpira, kwa ajili ya kondoo! Mtandao mzima unakadiriwa kilomita 125,000, na sheria ya 1995 inasema bado ni mali ya umma, haiuzwi, na mwenye miguu, mwenye farasi na mwenye baiskeli anaruhusiwa kupita mradi asiwazuie mifugo, ambao wao ndo wenye haki ya kwanza. Kila Oktoba wafugaji wanapitisha kondoo katikati ya Madrid, barabara kuu zinasimama, na wanalipa jiji ushuru wa kale, maravedí 50, yaani sarafu za zamani, kwa kila kondoo elfu, kukumbusha tu kwamba haki haijafutika.

Ila kwa baiskeli nitakwambia ukweli, cañada sio ya mgeni wa siku ya kwanza. Kondoo hajali mwinuko, hajali mawe, anavuka mto kwa miguu. Hakuna mtu aliyemtobolea handaki. Alama ni chache, sehemu nyingine wakulima wamelima mpaka ndani ya njia miaka na miaka, unafika unakuta shamba la shayiri mahali ambapo ramani inasema njia. Tairi pana, ramani kwenye simu na ya akiba, maji ya kutosha, na ukikuta kundi la kondoo na mbwa wao wakubwa unashuka, unapunguza sauti, unangoja. Mbwa wale wako kazini.

Ya mwisho ni ya hujaji, na hapa ndo mkanganyiko mkubwa ulipo, kwa sababu Camino de Santiago ndo maarufu kuliko zote. Imeingia kwenye urithi wa dunia wa UNESCO 1993, watu wanaifahamu, basi kila njia ya baiskeli Hispania inaitwa Camino. Camino ni njia ya miguu kwenda kaburi la mtakatifu Yakobo, Santiago de Compostela, na baiskeli zinaruhusiwa, tena ukitaka cheti cha hija kwa baiskeli lazima uwe umeendesha kilomita 200 za mwisho, wakati mtembea kwa miguu zinamtosha 100. Lakini haijawahi kuwa njia isiyo na magari. Inapita kwenye kijia cha mawe, halafu kando ya barabara kuu, halafu inavuka mji, halafu inapanda mlima ambao treni ingeukataa. Na imejaa watu wenye mabegi mgongoni ambao hawakusikii ukija nyuma. Hujaji alikuwa anatafuta kanisa, daraja na mahali pa kulala, sio njia laini, kwa hiyo ndo utakachokuta: makanisa, madaraja na malazi kwa wingi kuliko njia nyingine yoyote. Kuna mahali, kati ya Boadilla del Camino na Frómista, ambapo Camino na mfereji wa Castilla vinakwenda pamoja, hujaji na njia ya nyumbu vimekuwa kitu kimoja kwa kilomita chache, hapo ukiwa na baiskeli unapata raha ya vyote viwili.

Sasa turudi kwa yule aliyesema Hispania nzima unaipita bila kukutana na gari. Hili ndo linaumiza watu zaidi. Hizi njia hazijaungana. Vía Verde inaanza pale reli ilipoanza kutotumika na inaishia pale inapokuwa bado inatumika, au pale halmashauri iliyofuata haikupata pesa, au daraja lilipovunjwa. Kati ya moja na nyingine utaingia barabarani. Barabarani kuna sheria, gari likikupita lazima likuachie angalau mita moja na nusu, na wewe nje ya mji lazima uvae helmeti. Hata ndani ya Vía Verde yenyewe kuna makutano, njia inakatwa na barabara ya kijiji, kuna geti au nguzo, unasimama, unaangalia, unavuka. Na trekta linaweza kutokea mbele yako kihalali kabisa.

Wala sio zote zina lami. Tajuña, ile ya mashariki ya Madrid, inayo. Nyingi ni changarawe iliyoshindiliwa, tairi jembamba la mashindano litakutesa, la upana wa kawaida la milimita 40 hivi linapita bila wasiwasi. Kuhusu kiangazi, bonde la Guadalquivir linapita nyuzi 40 mwezi wa saba na wa nane, njia ya reli kwenye tuta haina kivuli, hivyo Andalucía nenda masika yao au vuli yao. Castilla kinyume chake, Januari utaganda. Na ukitaka kufika na baiskeli kwa treni, treni za mikoa zina nafasi chache za baiskeli, za mwendo kasi zinataka ikunjwe au ifunguliwe iingie kwenye begi, kwa hiyo uliza kabla ya kukata tiketi sio baada.

Kuna mjadala mmoja wa wenyeji ambao wageni huwa hawausikii. Vijiji vingi vya ndani ya Hispania vimebaki wazee watupu, vijana wameenda Madrid, Barcelona, Valencia, wenyewe wanaita Hispania iliyohamwa. Kwa vijiji hivyo Vía Verde imeleta kitu, stesheni ya zamani imekuwa mgahawa, nyumba ya wageni, duka la kukodisha baiskeli, Ijumaa jioni taa zinawaka. Lakini wapo wanaosema sisi hatukuomba baiskeli, tulikuwa na treni, turudishieni treni. Kwenye iliyokuwa reli ya Ruta de la Plata, magharibi, na kule Baza kusini mashariki, hoja hii bado ni ya moto, wanaogopa kwamba changarawe ikishamwagwa treni haitarudi tena. Mimi nawaelewa. Mtu aliyepoteza usafiri wa kwenda hospitali ya mjini humpozi kwa kumwonyesha watalii. Ila pia nimeona mapito ambayo hayakufanywa Vía Verde yalivyomezwa, huyu kajenga ukuta, yule kapanda mizeituni, daraja limeuzwa chuma chakavu, pale treni hairudi hata wakitaka. Njia ikibaki wazi na ikabaki ya umma, angalau ardhi haijapotea.

Kama ni mara yako ya kwanza, usianze na kondoo wala hujaji. Anza na treni, chukua kipande cha Cabra, Doña Mencía, Zuheros mpaka Luque, hakuna namna utaharibikiwa, vijiji viko karibukaribu na Zuheros ina ngome yake juu ya mwamba inaonekana kutoka njiani. Ukipenda ile ya Sierra ya mahandaki 30, wengi wanaanzia Olvera kwa sababu kuelekea Puerto Serrano ni kuteremka zaidi ya kupanda, wanafurahi njia nzima, halafu wanafika chini ndo wanaanza kuulizia treni ya kurudi. Treni hakuna, reli haikuwahi kuisha. Ama panga gari la kukurudisha kabla hujaondoka, ama weka nguvu ya kilomita 36 za kupanda mchana, ama anzia Puerto Serrano asubuhi na mapema upande kukiwa na baridi, na teremko lako ulibakize kwa ajili ya jioni.